Ziwa Likitulia

Saa mbili asubuhi simu ya kwanza ni ya Mugeta,
tabibu wa zahanati ya ng'ambo, upande wa Kamanga:
"Dada Nyanzala, leo hata wingu hakuna, ziwa kama sinia,
na mtandao wenu umekufa."
Anasema "wenu" kama mtu anavyosema "mtoto wenu huyu".

Jana ilinyesha mvua ya mawe, hakupiga.
Juzi upepo uling'oa bati la choo chake, hakupiga.

Nimeketi juu ya jiwe, Luchelele,
laptopu mapajani, kanga kichwani mpaka kwenye kioo nipate kivuli,
nasoma namba.
Namba za kiungo hazisalimii, wala hazinuni.
Hasi hamsini na nane: nakusikia vizuri.
Hasi themanini na tatu: naona midomo inacheza tu.
Na ile ya chini, pakiti zilizotumwa upya,
inapanda kama deni la dukani tarehe ishirini na tisa.

Bosi Lushinge alishahukumu kabla ya kusoma.
Kebo imeliwa na panya. Tukabadili kebo.
Redio imechoka. Tukabadili redio.
Kuna tajiri wa Nyegezi kawasha mtambo kwenye masafa yetu.
Nikapima kelele: hasi tisini na sita,
kimya cha makaburini.
"Basi pandisheni mlingoti,"
maana kwa Lushinge kila gonjwa dawa yake ni urefu.
Tukapandisha mita tatu.
Hali ikazidi kuwa mbaya.

Nikaacha kubadili vitu.
Siku tisa nikaandika tu,
kwenye daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za nyuma:
saa, nguvu, kelele, upepo.
Alfajiri, kibovu. Saa nne, kibovu.
Saa nane upepo ukiamka, kizima.
Usiku wa radi, kizima kuliko siku zote.

Siku ya sita ndipo nilipoviona vijino:
kwenye grafu ya asubuhi, katikati ya bonde,
vijino vinne vimechomoza, kila kimoja na saa yake,
kama ufizi wa mtoto.
Nilikuwa nimeinua kikombe cha uji. Kivuko kikapita.
Nyuma yake maji yakakunjika,
na namba mbele yangu ikaruka:
themanini, sabini na moja, sitini na mbili.
Maji yakalala.
Namba ikalala.
Uji ulipoa mkononi.

Kumbe tulikuwa tunasema mara mbili.
Sauti moja inakwenda hewani, moja kwa moja;
nyingine inashuka, inagonga kioo cha ziwa, inapanda,
inamfikia Mugeta imechelewa nusu hatua
na neno lilelile mdomoni.
Na neno la kweli, likikutana na pacha wake aliyechelewa,
huzimana.
Hakuna aliyedanganya hapo.
Mawimbi ndiyo yaliyokuwa yakituokoa,
yakiivunja ile ya pili vipandevipande.
Mimi nimezaliwa Igombe. Nilifundishwa kuyaogopa.

Nikamwambia Lushinge: tushushe.
"Umeona wapi antena ikishuka ikasikia?"
Tukashusha, yeye akihesabu mita kwa sauti ya msiba,
mpaka pale bega la jiwe kubwa
linapoziba njia ya maji na kuiacha njia ya hewa,
upenyo wa viganja viwili.

Kesho yake, saa mbili, ziwa kama sinia.
Hasi sitini na moja.
Hasi sitini na moja.
Kivuko kikapita: hasi sitini na moja.
Simu haikulia. Nikapiga mimi.
"Vipi huko?"
"Huku kuna nini?" akajibu Mugeta. Ana mgonjwa. Akakata.

Nikaandika saa, nikaandika nguvu.
Kwenye safu ya upepo: hakuna.
Zimebaki kurasa mbili,
na mwenye daftari ameanza kulitafuta.